Miale mitatu ndani ya chogo: jinsi rangi ilivyofika Mwanza

Huku Malimbe tupo, mchana jua, jioni upepo wa ziwa, na testi moja imepita wiki hii (matokeo msiniulize). Leo nimewaletea historia, ila siyo ile ya Mkutano wa Berlin tuliyokariri sekondari. Hii ni historia ya TV ya chogo.

Chanzo ni ubishi wa kantini. Jamaa yangu mmoja wa Igoma alitamka kwa kujiamini kwamba TV ya rangi imeingia Tanzania mwaka 1994. Kuna Mpemba tunasoma naye, akaweka kijiko chini, akacheka kwanza, halafu akasema, "Ndugu yangu, wakati nyinyi huko bara hamna hata ya nyeusi na nyeupe, sisi tunaangalia rangi." Kantini ikalipuka. Kumbe wote wawili wana kipande cha ukweli. Televisheni Zanzibar ilianza 1973, na ilianza na rangi moja kwa moja, ndiyo maana inatajwa kuwa ya kwanza kurusha rangi katika Afrika kusini mwa Sahara. Kenya walikuwa na televisheni tangu 1962, lakini ya rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe. Afrika Kusini pamoja na utajiri wake wote ilifungua televisheni Januari 1976. Na sisi bara? Serikali ya Mwalimu iliona TV ni anasa kwa nchi yenye vijiji visivyo na maji, tukasubiri mpaka 1994 vituo binafsi kama ITV vilipoanza.

Ubishi ukaisha, mimi nikabaki na swali langu. Kwa nini rangi ilichelewa hivyo duniani kote? Si ni kuchukua picha na kuipaka rangi tu? Nikazama maktaba, halafu nikaenda kukaa kwa fundi mmoja wa TV maeneo ya Mlango Mmoja, mzee ambaye amefungua machogo tangu sisi hatujazaliwa. Nilichorudi nacho ni hiki: shida haikuwa rangi yenyewe. Shida ilikuwa kumwongoza mnyama mmoja mkorofi sana anayeitwa mwale wa elektroni. Ukiweza kumbana, kumwelekeza, na kumfikisha mlangoni kwake bila kuingia kwa jirani, rangi inakuja yenyewe.

Tuanze mwanzo kabisa. Mwaka 1897, mwaka uleule ambao J. J. Thomson aliitambua elektroni kule Uingereza, Mjerumani Karl Ferdinand Braun alikuwa Strasbourg na chupa ya kioo iliyonyonywa hewa. Upande mmoja kuna kathodi inayotoa mwale, upande wa pili kuna bamba lililopakwa unga unaong'aa ukipigwa. Alikuwa na shida moja tu: mwale ukitoka unatawanyika kama maji ya bomba lililopasuka, kwa hiyo badala ya nukta unapata doa. Braun akaweka njiani bamba lenye tundu dogo, zinazopita ndizo zinazofika. Ilisaidia, lakini ni sawa na kuchuja uji kwa kumwaga nusu ya sufuria. Elektroni nyingi zinapotea, mwanga unafifia. (Braun huyu ndiye aliyegawana Nobeli na Marconi mwaka 1909, ila ile ilikuwa kwa kazi ya redio.)

Ufumbuzi ulikuja 1926. Mjerumani mwingine, Hans Busch, alipiga hesabu na kuonyesha kwamba koili fupi yenye sumaku inaukusanya mwale wa elektroni kama vile lenzi ya kioo inavyokusanya mwanga. Sentensi hiyo moja ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Hapo ndipo watu wakaanza kuuchukulia mwale kama mwanga, una lenzi zake, una fokasi yake, una hata kasoro zake. Baadaye ikajulikana kwamba hata sumaku si lazima. Ukipanga vikopo vya chuma mstari mmoja na kuvipa volti tofauti, ile nafasi kati ya kikopo na kikopo inageuka lenzi. TV nyingi za chogo mlizokulia zilitumia njia hii ya vikopo.

Ndani ya shingo ya ile chupa, yaani ile sehemu nyembamba nyuma kabisa, mambo yanakwenda hivi. Kuna hita ndogo inayowaka nyekundu, ukichungulia kwenye matundu ya mfuniko usiku unaiona. Hita inachemsha kathodi, kathodi inamwaga elektroni. Mbele yake kuna kikopo cha kwanza chenye tundu, hicho ni kama koki ya maji: kikizidi kuwa hasi kuliko kathodi kinazirudisha elektroni nyuma, giza, kikilegea zinapita, mwanga. Kikopo cha pili, mafundi wanakiita skrini, kinazivuta kwa volti mia kadhaa. Kisha kikopo cha fokasi, volti elfu sita hadi nane. Halafu mwisho kabisa kioo chenyewe kinazivuta kwa volti kama elfu ishirini na tano. Kwa volti hizo elektroni inakwenda karibu kilomita 90,000 kwa sekunde. Kutoka Mwanza mpaka Bukoba ungeshafika hata kabla hujanyanyua mguu.

Na huo mwale hausimami sehemu moja. Shingoni kumevalishwa koili za shaba, mafundi wanaita yoki, zinazouyumbisha kushoto kulia na juu chini. Kwa mfumo wa PAL tuliotumia huku, picha moja ina mistari 625, na picha ni 25 kila sekunde. Zidisha mwenyewe: mistari 15,625 kila sekunde. Ule mlio mwembamba mliokuwa mkiusikia utotoni TV ikiwashwa hata kama sauti imezimwa, nzzziii, ndio huo. Wazee walikuwa hawausikii, sisi watoto ndio tulikuwa tunaujua.

Sasa njoo kwenye rangi. Kwa nyeusi na nyeupe unahitaji mwale mmoja na unga mmoja. Kwa rangi unahitaji miale mitatu, mmoja wa nyekundu, mmoja wa kijani, mmoja wa bluu, na kioo kimepakwa nukta za unga wa aina tatu zikiwa zimebanana kuliko mbegu za ufuta. Mwale wa nyekundu lazima upige nukta nyekundu peke yake, maisha yake yote, huku ukikimbia mistari elfu kumi na tano kwa sekunde. Ukikosea kwa upana wa nywele mbili tatu umeingia kwa kijani.

Jibu lilikuwa la kijanja. Mjerumani Werner Flechsig alikuwa na wazo mwaka 1938: weka kizuizi chenye nafasi ndogondogo nyuma ya kioo, ili kila mwale, kwa sababu unatoka pembe yake, uone unga wake tu. Ni kama kuchungulia kwenye tundu la mlango: mimi niliyesimama kushoto naona kabati, wewe uliyesimama kulia unaona kitanda, na tundu ni lilelile. Kampuni ya RCA ya Marekani ndiyo iliyolifanya likafanya kazi, wakaonyesha hadharani mwaka 1950, na 1954 wakaingiza sokoni TV yao ya CT-100. Ndani yake kulikuwa na bamba la matundu kama 195,000, na mbele yake nukta 585,000, tatu kwa kila tundu. Bei dola 1,000 za wakati ule. Kwa Mmarekani wa kawaida ilikuwa ni kujinyima haswa.

Lakini bamba lile lilikuwa na dhambi mbili. Ya kwanza, linakula elektroni. Zinazopita kwenye matundu ni kama moja ya tano au pungufu, zilizobaki zinaligonga bamba na kulipasha moto tu. Kwa hiyo ili uone picha yenye mwanga lazima uongeze volti na umeme. Kumbukeni hili, tutalirudia tukifika visiwani.

Dhambi ya pili, bunduki tatu zilipangwa pembetatu, na miale mitatu kutoka pembetatu haitaki kukutana kwenye pembe za kioo. Katikati picha safi, pembeni kila mtu ana kivuli chekundu upande huu na cha bluu upande ule. Fundi wa Ulaya au Marekani alikuwa anakuja nyumbani kwa mteja na kukaa masaa, anazungusha vinobu kumi na kitu akiangalia mistari ya msalaba kwenye kioo mpaka mitatu iwe mmoja. Ukihamisha TV chumba, mwite tena.

Mateso haya yaliisha taratibu. General Electric mwaka 1966 waliuza TV ndogo yenye bunduki tatu zilizopangwa mstari mmoja badala ya pembetatu. Sony mwaka 1968 wakaja na Trinitron, miale mitatu ikipita kwenye lenzi moja kubwa, na badala ya bamba la matundu wakatumia waya za kusimama. Mwaka 1972 RCA wakatoa tyubu ambayo yoki yake imesukwa kwa hesabu maalum kiasi kwamba miale inakutana yenyewe, kiwandani wanaigundisha na yamekwisha. Vinobu vyote vile kwaheri.

Tazama tarehe hizo vizuri: 1966, 1968, 1972. Zanzibar wanawasha rangi 1973. Yaani Waunguja na Wapemba waliingia kwenye rangi pale pale dunia ilipokuwa inatoka kwenye tyubu za kubembeleza kuingia kwenye tyubu zinazojiweka sawa. Sisi wa bara, tuliofika 1994, tulikuta kazi ngumu imeshafanyika. Huku kanda ya ziwa tukapata na Star TV yetu yenye makao hapahapa Mwanza, na machogo yakajaa mjini kuanzia Kirumba mpaka Nyegezi. Kwa hiyo mtu anaweza kusema sisi hatuna historia hapa, tulinunua tu kilichokwisha. Mimi nakataa, na sababu zangu ni tatu.

Sababu ya kwanza ipo chini ya miguu yetu. Dunia ni sumaku, na mwale wa elektroni unavutwa na sumaku yoyote. (Nani hakuwahi kuchukua sumaku ya spika mbovu akaisogeza kwenye kioo cha TV, rangi zikawa upinde wa mvua, halafu akala fimbo?) Nilipiga hesabu: kwa nguvu ya sumaku ya dunia ilivyo huku kwetu, mwale unaosafiri sentimita 35 hivi unapinda milimita tatu na ushee. Na mistari ya unga kwenye kioo kile ina upana usiofika hata milimita moja! Kinachosumbua zaidi kwenye tyubu zenye bunduki za mstari mmoja ni ule mvuto wa juu na chini, kwa sababu huo ndio unaousukuma mwale pembeni, kutoka mstari mwekundu kwenda wa kijani. Kaskazini ya Ulaya sindano ya sumaku ikining'inizwa kwa uhuru ncha yake ya kaskazini inainama chini sana. Mstari ambapo inalala sawasawa unapita Ethiopia. Sisi wa Mwanza tupo kusini yake, kwa hiyo huku ncha hiyo inainuka juu kidogo. Viwanda vilijua hili, wakawa wanatengeneza tyubu zilizowekwa sawa kwa kaskazini, nyingine kwa kusini, nyingine kwa ukanda wa ikweta.

Sasa fikiria ile TV iliyotumika miaka kumi kwa watu Ulaya, ikapakiwa kwenye kontena, ikashuka Dar, ikapanda basi mpaka Mwanza. Unaiwasha, kona moja ina doa la kijani ambalo haliondoki. Mwenye TV anasema nimeuziwa mbovu. Siyo mbovu, imehama dunia! Ndani yake kuna koili inayozunguka kioo, ule mngurumo wa "dunnng" ukiwasha ndio kazi yake, inafuta usumaku kwenye bamba la matundu ili likae sawa na mahali lilipo. Pale inaposhindwa, fundi anaingia kwenye zile pete za sumaku shingoni, anazizungusha kwa kucha mpaka nyekundu iwe nyekundu kioo kizima. Kazi ya kiwandani hiyo, inamaliziwa kwenye meza ya mbao pembeni ya mtaro.

Sababu ya pili ni fokasi. Mzee yule nilimwambia shikamoo nikamuuliza, mzee, unajuaje imekaa sawa? Akanijibu, "Mwanangu, fokasi haina mita. Ina jicho." Anasimamisha kioo cha kujitazamia mbele ya TV, yeye anabaki nyuma kwenye chogo, mkono mmoja mfukoni ili umeme usipite kifuani, mkono wa pili una bisibisi. Kwenye flaibeki kuna vinobu viwili, cha fokasi na cha skrini. Anasubiri taarifa ya habari, anaangalia herufi ndogo zinazopita chini, anazungusha kidogo kidogo mpaka herufi zisimame. Skrini ukiizidisha unaona mistari myeupe myembamba imelala kwenye picha, ukiipunguza sana giza linaingia. Na TV inayowaka na ukungu halafu baada ya dakika kumi inasafika, anaijua bila kuifungua: ndani ya flaibeki njia ya volti ya fokasi imeanza kuvuja. Unyevu, vumbi na umri. Hewa ya ziwa si rafiki wa volti elfu ishirini na tano.

Kuna ufundi mwingine ambao ulinifanya nimsogelee zaidi. Kathodi zikichoka, rangi inaondoka moja moja. Ya bluu ikichoka, mtangazaji na wageni wake wote wanaonekana wana manjano. Kitabu kinasema badilisha tyubu. Nani ana pesa ya tyubu? Mzee anachukua waya, anauzungusha mara moja au mbili kwenye chuma cha flaibeki, anaiongezea hita volti kidogo, kathodi inapata moto, rangi inarudi. "Inakupa miezi, wakati mwingine mwaka mzima," anasema. Katika nadharia hiyo ni kutoa elektroni zaidi kwa kuongeza joto. Mtaani ni mtu kuangalia Kombe la Dunia. (Msijaribu, jamani. Ile tyubu inashika chaji hata plagi ikiwa imechomolewa, inakurusha ukutani.)

Sababu ya tatu iko visiwani. Mtu wa mjini akipita kambi za wavuvi za Ukerewe au Kome miaka ile akakuta TV ndogo ya nyeusi na nyeupe, alikuwa anacheka ushamba. Rudi kwenye bamba la matundu. TV ya rangi inatupa zaidi ya robo tatu ya elektroni zake, ndiyo maana inataka umeme mwingi. Ile ya nyeusi na nyeupe haina bamba, kila elektroni inafika kioo, kwa hiyo inaweza kukaa usiku mzima kwenye betri ya gari. Mvuvi hakuwa mshamba, alikuwa amepiga hesabu. Rangi ilikuwa inauzwa kwa umeme, na umeme hakuwa nao.

Mwisho wa habari mnaujua. Mwishoni mwa Februari 2013 mitambo ya analojia ikazimwa Mwanza, baada ya Dar kutangulia 31 Desemba 2012. Watu wakadhani machogo yamekufa siku ile. Hayakufa. Waya tatu, njano, nyekundu na nyeupe, king'amuzi juu ya chogo kama kofia, maisha yakaendelea miaka mingine. Kilichoyaua ni TV bapa kushuka bei. Na mwale ulipoondoka, ujuzi wa kuuongoza nao ukaanza kuondoka. TV bapa haina fokasi ya kuzungusha wala pete ya sumaku. Ikiharibika fundi anabadilisha bodi, basi. Meza ya yule mzee siku hizi ina chaja za simu na feni. Vijana wawili aliokuwa anawafundisha wameondoka, mmoja yupo kwenye bodaboda.

Na machogo yenyewe je? Wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita, wanavunja shingo, wanavuta yoki na koili kwa ajili ya shaba, kioo kinaachwa. Hapo ndipo mimi napata wasiwasi. Elektroni za volti elfu ishirini na tano zikigonga hutoa eksirei, na ili zisitoke, kile kioo cha nyuma chenye umbo la faneli kilichanganywa na risasi, takribani moja ya tano ya uzito wake. Kikiwa kizima kilitulinda. Kikisagika na kulala kwenye mtaro, mvua ya masika inajua njia. Mitaro ya katikati ya mji inaingia Mirongo, Mirongo unaingia ziwani, na sangara na sato tunakula sisi.

Kwa hiyo wadau, nina maombi mawili. Kama nyumbani kwenu kuna chogo limekaa stoo, msiwape wavunja shingo, liacheni zima mpaka mpate mtu anayejua pa kulipeleka. Na kama mtaani kwenu kuna fundi wa zamani, nendeni mkakae naye saa moja, na daftari. Braun ana Nobeli, Busch na Flechsig wamo vitabuni. Aliyezungusha pete ili nyekundu ya Ulaya iwe nyekundu Mwanza hajaandikwa popote, na wengi wao wanazeeka.

Jumatatu kuna presentesheni ya kikundi na wenzangu hawajaandika hata ukurasa. Naomba kuwasilisha.